Mistari ya barabarani na kasi ya magari: somo nililopata Eldoret

Basi letu lilisimamishwa asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza. Tulikuwa tumetoka Mombasa jana yake jioni, tumelala tumekaa, shingo zimepinda, na Eldoret haikuwa mbali tena. Mahali penyewe sitapataja, wala jina la basi, maana nia yangu si kumchongea mtu. Afande alikuja dirishani kwa dereva, akasema kwa ufupi, "Dereva, tisini na sita."

Dereva akaruka. "Afande, gari hili lina gavana. Labda mteremko umenisukuma, lakini haijafika hata themanini na tano."

"Nimekwambia tisini na sita."

"Basi nionyeshe."

Hakuonyeshwa kitu. Dereva akashuka, wakaenda nyuma ya basi, na baada ya dakika kama 10 akarudi amenuna. "Twendeni," akamwambia kondakta, safari ikaendelea. Yaliyopita nyuma ya basi sikuyaona. Ninachojua ni kwamba hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna aliyeitwa kortini, na hakuna abiria aliyejua kati ya wale wawili nani alikuwa mkweli. Mimi nilikuwa macho tangu Nakuru. Ungeniuliza tulikuwa tunakwenda mwendo gani, ningekujibu, "Mbio." Lakini mbio si ushahidi.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Kama dereva alikuwa anakimbiza, basi alihatarisha roho zetu na hakuadhibiwa kama sheria inavyotaka. Kama hakuwa anakimbiza, basi alidhulumiwa mbele ya macho yetu na hatukuweza kumtetea. Vyovyote vile, sisi tuliokuwa ndani ya basi ndio tuliopoteza. Na sababu ni ndogo kuliko unavyodhani. Hapakuwa na kipimo ambacho watu wote waliokuwa pale wangeweza kukiona na kukihesabu.

Msomaji wa Pwani anaweza kuuliza, mambo ya Eldoret yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Barabara ni moja. Ile A8 inayoanzia kwetu Mombasa, ikapita Mariakani na Voi hadi Nairobi, ndiyo inayopanda Nakuru, ikapita Eldoret na kufika Malaba mpakani mwa Uganda. Malori yanayotoka bandarini kwetu Kilindini usiku huu yatapita Eldoret. Madereva wengi wa malori hayo ni ndugu zetu, majirani zetu, waume za dada zetu. Na vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi huko juu wanapanda mabasi hayo hayo kuja nyumbani wakati wa sikukuu.

Tena tunajua barabara hiyo inakula watu. Tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa mkesha wa mwaka mpya. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia pale makutano ya Londiani likawapitia watu waliokuwa sokoni na kituoni, wakafa zaidi ya 50. Kila ajali ina sababu zake, breki, usingizi, ukungu, mteremko, na sitaki kusema kila msiba ni wa mwendo. Lakini nchi nzima inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, na mwendo unazidisha kila kosa jingine. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa halibebi nguvu iliyozidi kidogo tu ile ya kilomita 80. Hesabu ya nguvu hiyo ni mwendo mara mwendo, kwa hiyo linagonga kwa nguvu mara moja na nusu na zaidi.

Saa ya kocha

Nilikuwa nimekwenda Eldoret kumtembelea mpwa wangu, mwalimu wa shule. Baridi ya kule kwa mtu wa Pwani ni adhabu, na nilikuwa nimejifunika shuka mbili aliponigongea mlango kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

"Mjomba, shikamoo. Amka, nikuonyeshe kitu ambacho Mombasa hamna."

Tulitoka nje ya mji hadi kwenye barabara moja ya lami isiyo na magari mengi. Kundi la wakimbiaji lilikuwa linakuja, vijana kama 20, pumzi zikitoka kama moshi wa chai. Kando ya barabara alisimama kocha, mtu mzima, stopwochi mkononi. Walipofika mahali fulani alibonyeza, akapaza sauti akataja namba, nao wakaongeza mwendo bila kugeuka. Nilishangaa amejuaje kama wamechelewa. Mpwa wangu akanionyesha chini. Pembeni ya lami palikuwa na mstari mfupi wa rangi nyeupe.

"Ule mstari mwingine uko nyuma kilomita moja kamili," akasema. "Imepimwa. Sekunde zao kati ya mstari ule na huu ndizo mwendo wao. Hapa hakuna mabishano, mjomba. Mkimbiaji hawezi kumwambia kocha kwamba alikuwa anakwenda kasi zaidi. Mstari uko pale pale, na saa ni ile ile."

Nikakumbuka basi letu na dereva wetu. Mji huu ambao wenyeji wakongwe huuita Sisibo, kwa sababu ulianza kwenye shamba lililopimwa na kupewa namba 64, umejenga sifa yake duniani juu ya hesabu hiyo moja, umbali kwa muda. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa anakwenda kilomita 21 kwa saa na kidogo, na dunia nzima ilijua hivyo kwa sababu njia ilikuwa imepimwa na saa ilikuwa wazi. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia Chicago mwezi Oktoba 2023, saa 2 na sekunde 35, muda wake uliandikwa kila baada ya kilomita 5. Miezi minne baadaye, usiku wa tarehe 11 Februari 2024, alifariki pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana gari lake lilipoacha barabara ya kati ya Eldoret na Kaptagat. Sisemi mwendo ndio uliowaua, hilo si langu kusema. Nasema tu kwamba tunajua kwa sekunde jinsi miguu ya watoto wetu inavyokwenda, na magari yanayowabeba tunayakisia kwa macho.

Hesabu yenyewe

Hesabu hii haihitaji kwenda chuo. Chukua mistari miwili iliyopigwa kwa rangi barabarani, kati yake mita 100. Hesabu sekunde ambazo gari linatumia kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili. Gawanya 360 kwa sekunde hizo, na jibu ndilo mwendo kwa kilomita kwa saa. Sekunde 7.2 ni kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo ndani ya miji na vituo vya biashara. Sekunde 4.5 ni kilomita 80, mwisho wa matatu, mabasi na malori. Sekunde 3.6 ni kilomita 100.

Hapo mwenye akili atauliza, na mkono wa mtu je? Kubonyeza saa kuna kuchelewa na kuwahi. Ni kweli, na hilo ndilo jambo la maana zaidi katika shughuli hii yote. Tuseme afande amekosea sehemu 3 tu za kumi za sekunde. Kwenye mita 100, basi linalokwenda 80 halali litaonekana limetumia sekunde 4.2 badala ya 4.5, na hesabu itasema linakwenda karibu 86. Dereva amefungwa bure. Lakini weka mistari hiyo mita 500 mbali. Basi lile lile litatumia sekunde 22.5. Kosa lile lile la mkono litaleta sekunde 22.2, na hesabu itasema 81. Umbali ukiwa mrefu, kosa la mkono linamezwa.

Sasa rudi kwenye ugomvi wetu wa asubuhi. Afande alisema 96, dereva akasema haikufika 85. Tumpe dereva 84. Kwenye mita 500, gari la 96 linatumia sekunde 18 na robo tatu. Gari la 84 linatumia sekunde 21 na kitu. Tofauti ni zaidi ya sekunde 2 na nusu, ambazo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuzihesabu kwa mdomo. Kama pale pangekuwa na mistari na watu wawili wenye saa, mabishano yangekwisha kabla ya dereva kuvaa viatu vyake.

Tena kuna jambo linalomlinda dereva ndani ya hesabu hii. Mistari haipimi mwendo wa kitambo kimoja, inapima wastani wa njia nzima kati ya alama mbili. Dereva aliyeongeza kidogo ili kulipita lori kisha akarudi kwenye mwendo wake hataonewa, maana wastani unamsamehe. Na aliyeonekana na wastani wa 96 hana pa kujitetea, kwa sababu haiwezekani kupata wastani wa 96 bila kufika 96 mahali fulani njiani.

Wenzetu walianzaje

Jambo hili si geni. Magari yalipoanza kuenea Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, polisi walijificha kwenye vichaka na stopwochi, umbali wao umeshapimwa, wakiwavizia wenye magari. Wenye magari walilalamika kwamba saa zao ni mbovu na umbali ni wa kubuni. Mwaka 1905 waliunda chama chao, Automobile Association, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaonya madereva wapi polisi wamejificha. Ugomvi wa mwendo, kwa hiyo, una zaidi ya miaka 100, na swali lake halijabadilika. Nani amepima, kwa kitu gani, na nani mwingine ameona?

Rangi barabarani ilikuwa sehemu ya jibu. Polisi wa Uingereza walikuja kutumia alama nyeupe zilizopigwa kwenye lami kwa umbali unaojulikana, pamoja na chombo ndani ya gari lao kinachogawanya umbali kwa muda. Marekani, katika majimbo kama Florida na Ohio, walipiga mistari inayokatiza barabara kuu, polisi akaruka juu kwa ndege ndogo na saa, akapima gari linavyopita mstari hadi mstari, kisha akampigia redio mwenzake aliye chini alisimamishe. Hiyo ndiyo maana ya vibao vyao vinavyosema kwamba mwendo unalindwa kwa ndege.

Hata kamera za kisasa hazikuikimbia rangi. Kamera iliyopata umaarufu zaidi ilibuniwa na Mholanzi mmoja, Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953. Alikibuni chombo chake kwanza ili kujipima mwenyewe kwenye kona, kama vile kocha wa Eldoret anavyompima kijana wake. Uingereza ilipoweka kamera za aina hiyo kando ya barabara, ilipiga pia mistari midogo meupe kwenye lami mbele ya kamera. Rada ndani ya kamera inapima mwendo, kisha kamera inapiga picha mbili, nusu sekunde kati yake. Gari linalokwenda 80 husogea mita 11 na kidogo kwa nusu sekunde. Ukihesabu mistari kwenye picha mbili, unajua kama mashine imesema kweli au imekosea. Kwa hiyo mstari uliwekwa ili kumpima mpimaji.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya rangi. Mashine ni ya serikali na inakaa mkononi mwa afande. Mstari uko barabarani, mali ya kila mtu. Dereva anaweza kushuka na tepu yake akaupima. Wakili anaweza kwenda na hakimu wakausimamia. Mama muuza maembe kando ya barabara anaweza kuuona. Ukweli unakuwa umetolewa mfukoni na kuwekwa juani.

Sheria yetu inasemaje

Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imeliona tatizo hili zamani. Kifungu cha 43 kinasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la mwendo kwa ushahidi wa shahidi mmoja pekee anayesema kwamba, kwa maoni yake, gari lilikuwa linakimbia kupita kiasi. Jicho la mtu mmoja halitoshi, hata likiwa jicho la afande. Lazima pawe na kitu kingine.

Kitu hicho kingine leo ni kile kifaa cha mkononi ambacho afande anakielekeza kwenye gari kama mpiga picha. Tanzania wanakiita tochi, na dereva aliyekamatwa husema amepigwa tochi. Kifaa hicho ni kizuri kikiwa kimekaguliwa na kikitumika sawasawa, na sina ugomvi nacho. Lakini namba yake inatokea kwenye kioo kidogo ambacho anayekishika ndiye anayekiona. Akikataa kukuonyesha, au akikuonyesha namba ambayo huna hakika kama ni ya gari lako au la yule aliyekupita, umerudi pale pale kwenye neno lake na neno lako.

Na namba hizi zina bei. Kwa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, dereva aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 anapewa onyo. Kilomita 6 hadi 10 ni Sh500. Kilomita 11 hadi 15 ni Sh3,000. Kilomita 16 hadi 20 ni Sh10,000. Dereva wetu wa asubuhi, akiwa na 84, angepewa onyo na kwenda zake. Akiwa na 96, ni Sh10,000, pesa ambazo dereva wa basi hazipati kwa safari moja. Kati ya onyo na Sh10,000 kuna kilomita 12, na mahali penye shimo kubwa namna hiyo bila kipimo cha wazi, patajaa maelewano ya nyuma ya basi. Sisemi maafande wote ni hivyo. Nasema ukimwekea mtu yeyote njaa upande mmoja na giza upande wa pili, umemtega.

Ndiyo maana pendekezo langu si kubwa, wala haliongezi mzigo kwa bajeti ya taifa. Kwenye sehemu zinazojulikana kwa ajali, wapimaji wa barabara wapime mita 500, wapige mstari mweupe unaokatiza lami mwanzo na mwisho, na kibao kando kiandike wazi, "Mita 500, mwendo unapimwa hapa." Maafande wawili wasimame na saa, mmoja kila upande, wakiwasiliana kwa redio, au mmoja mahali pa juu anapoiona mistari yote miwili. Muda uandikwe kwenye karatasi ya dereva, siyo mwendo tu. Dereva akipewa sekunde zake, atagawanya mwenyewe. Kile kifaa cha mkononi kiendelee kutumika, lakini ndani ya mistari hiyo, ili kimoja kimkague mwenzake.

Eldoret iwe mahali pa kuanzia. Ulipandishwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, una barabara kuu ya malori, una barabara ya kando iliyojengwa kuyazungusha malori nje ya mji, na una watu wanaoelewa stopwochi kuliko mahali pengine popote nchini. Kisha ushuke hadi kwetu. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, yenye shule na misikiti kandokando. Mariakani. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Kila mmoja wetu anajua mahali pake ambapo angetaka mstari wa kwanza upigwe.

Majibu kwa wenye shaka

Nimewaeleza watu kadhaa, na pingamizi zao nimezisikia.

Wa kwanza alisema, "Madereva wataizoea mistari, watapunguza pale na kukimbiza mbele." Pengine. Lakini kama mistari iko mbele ya shule au kwenye mteremko unaoua, kupunguza pale ndiyo shabaha yetu. Mwenye tuta mbele ya nyumba yake halalamiki kwamba gari linakwenda kasi likishalivuka.

Wa pili alisema rangi inafutika. Kweli, na barabara zetu nyingi hata mstari wa katikati hauonekani usiku, jambo ambalo ni aibu peke yake. Mstari wa kupimia ukififia, kipimo hakipo, na dereva aachiwe. Hiyo itawapa wenye mamlaka sababu ya kupaka rangi mapema, maana sasa rangi inawapa kesi.

Wa tatu alisema dunia imeshaingia kwenye kamera na kompyuta, sisi tunarudi kwenye stopwochi za wazungu wa zamani. Kamera zije, nazikaribisha. Lakini nimeeleza kwamba hata kamera huwekewa mistari ili ikaguliwe. Nchi itakayonunua mashine ya mamilioni na kukataa ndoo ya rangi itakuwa imenunua ugomvi mpya.

Wa nne alikuwa dereva wa lori, mtu wa Changamwe, na swali lake lilinigusa. Alisema, "Mzee, mnatupima sisi. Mbona hampimi tajiri anayeniambia nifike Malaba kesho asubuhi?" Sikuwa na jibu la mkato. Lakini nilimwambia kwamba hesabu ya umbali kwa muda inamkamata na tajiri pia. Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800. Kwa mwendo wa 80 bila kusimama hata kwenda haja, ni saa 10. Akiweka chakula, mizani, milima na msongamano wa Nairobi, ni zaidi sana. Tajiri anayeandika kwenye karatasi muda usiowezekana ameandika kwa mkono wake amri ya kuvunja sheria. Karatasi hiyo nayo ni ushahidi, kama mstari ulivyo.

Safari ya kurudi

Siku ya kurudi Mombasa, mpwa wangu alinisindikiza hadi kituoni akanikumbusha kwamba siku hizi hata simu ya mkononi ina saa ya kupimia mbio. Nikakaa kiti cha dirishani. Tulipofika sehemu yenye nguzo za kilomita kando ya barabara, nilibonyeza kwenye nguzo moja, nikabonyeza tena kwenye iliyofuata. Kwa kilomita nzima unagawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 45 ni 80 kamili. Chini ya 45, basi limezidi.

Mimi nilipata 41. Nikarudia nguzo nyingine, 41 tena. Karibu 88.

Nilimwita kondakta. Nikamwambia polepole, sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, "Mwanangu, mwambie dereva kilomita moja ametumia sekunde 41. Inatakiwa zisipungue 45."

"Mzee, gavana iko," akasema.

"Sijaulizia gavana. Nimehesabu nguzo. Njoo tuhesabu pamoja."

Akainama, tukahesabu wote wawili, na mama aliyekaa nyuma yangu na mtoto mgongoni akatoa simu yake akahesabu pia. Sote watatu tukapata 41. Kondakta hakubishana tena. Alikwenda mbele, akasema na dereva sikioni. Dereva alinitazama kwenye kioo, sikujua kama ni kwa hasira au vipi. Nguzo tatu baadaye nilibonyeza tena.

Sekunde 46.

Yule mama aliendelea kuhesabu hadi mtoto akalala, kisha akalala na yeye.